Kwa Nini Tunapasua Kabla ya Kuchoma

Nimefanya kazi ya polisi mpaka nikastaafu, na muda wote huo nilikuwa mwoga. Nalisema mapema ili msisome mkitafuta ushujaa mkaukosa. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, na mmoja wenu akaniomba niandike kuhusu ghala la vielelezo: jinsi tulivyotunza dawa za kulevya zilizokamatwa na jinsi tulivyoziteketeza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Busia, nikasoma upande wa Kenya kwa shangazi, ndiyo maana mnakicheka Kiswahili changu kuwa ni cha vitabuni. Niliajiriwa Kampala miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Kampala ya wakati ule, mtu akibisha hodi kwa Kiswahili, watu walifunga madirisha kwanza ndipo wakajiuliza ni nani. Ilikuwa lugha ya bunduki. Majirani zangu wa Kyebando walichukua muda kunizoea. Walinisalimia kwa Kiganda, nami nikawajibu kwa Kiganda kibovu, wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonipa uraia wa mtaa.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa jiko la kantini. Moshi wa kuni ulikuwa bado umeganda darini, na chini yake magunia ya bangi yamepangwa hadi kiunoni. Harufu yake ilikuwa tamu na nzito, ikanifuata nyumbani kwenye nywele. Mtunza ghala alikuwa Sajini Odong, mtu wa Gulu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kushika kitu kabla ya kukizungumzia. Alinipa kifurushi kilichofungwa kwa kamba na kupigwa lakiri nyekundu, akaniuliza kama ni kizima. Nikakitazama pande zote, nikasema ni kizima.

"Wewe naangalia na macho," akasema. "Macho iko mwongo. Shika."

Nikapitisha kidole gumba juu ya lakiri. Upande mmoja ilikuwa laini, upande mwingine ilikwaruza, kwa sababu mtu aliipasha moto akaifungua, kisha akaibandika tena. Tangu siku hiyo mikono yangu haijatulia. Hata sasa nikinunua chupa ya mafuta ya kupikia nakipapasa kifuniko, na muuza duka anadhani nina ugonjwa.

Odong alinifundisha kazi kwa maneno machache. Bangi hukauka na kupungua uzito, kwa hiyo pima mbele ya mashahidi kila inapotoka, la sivyo wakili atasema umeivuta. Mairungi, ndiyo miraa, huoza, usiyakumbatie, omba amri ya mahakama upesi. Unga usifunguliwe penye upepo. Na usikubali kamwe kuandika kwamba panya wamekula kielelezo. Vituo vingine vilikuwa na panya hodari mno, waliokula unga wa magendo wakaacha mahindi.

Uteketezaji wa kwanza niliouona ulifanyika kwenye shimo nyuma ya kambi. Yalikuwa marobota ya bangi iliyoshindiliwa kwa mashine, magumu kama gogo. Tuliyatupa shimoni yote jinsi yalivyo, tukamwaga dizeli, tukawasha. Hakimu akaona moto mkubwa, akaridhika, akasaini. Upepo ukageuka. Askari waliosimama upande mbaya walirudi mjini wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti za juu sana, na dereva wetu alisimamisha lori katikati ya barabara ili kumpisha ng'ombe ambaye hakuwapo.

Asubuhi yake tulikuta shimo limefukuliwa. Kulikuwa na maganda meusi ya marobota, matupu ndani kama vifuu vya nazi. Odong akapiga magoti, akatia mkono ndani ya ganda moja.

"Moto nakula nguo yake tu," akasema. "Moyo nabaki."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yetu kubwa, na tuliipata kwa aibu. Robota lililoshindiliwa halina hewa ndani, na moto bila hewa hukata tamaa. Toka siku hiyo Odong hakuruhusu kitu chochote kuingia motoni kikiwa kizima. Pasua kwanza kwa panga. Tawanya. Kama ni unga, nyunyizia maji usiruke, na ufunge kitambaa kibichi puani. Ingiza kidogo kidogo. Majivu yaponde kwa nondo, na usiondoke mpaka yapoe kiasi cha kushikika. Mahakimu walilalamika kwamba tunawachelewesha. Odong aliwapigia saluti na kuendelea kupasua.

Baadaye tuliacha shimo tukaanza kutumia tanuri la kiwanda kimoja cha matofali nje ya mji. Mwenye kulitunza alikuwa Mkenya, Mzee Mutua, mtu wa Machakos aliyekuja Kampala kutafuta kazi ya msimu mmoja akaoa hapa. Naye alipenda kupasua, kwa sababu zake mwenyewe. Kitu kizima, alisema, kinauziba pumzi moto wake. Alikuwa akiuzungumzia ule moto kama mtu anavyomzungumzia mama mkwe, kwa heshima na malalamiko.

Sasa niwaambie kuhusu kesi ya marobota ya mitumba.

Lori lilikamatwa likitoka mpakani, limejaa marobota ya nguo kuukuu. Ndani ya baadhi yake hakukuwa na nguo. Kulikuwa na bangi iliyoshindiliwa, na katikati kabisa ya bangi, penye moyo, paketi za unga, heroini, zimevikwa nailoni tabaka juu ya tabaka. Mkemia wa serikali alipopima alituomba tufunge mlango. Kesi ikasikilizwa, dereva na mwenzake wakafungwa. Waliowatuma hawakuonekana mahakamani. Kisha ikatoka amri ya kuteketeza.

Vijana, kipindi kibaya kuliko vyote ni hicho cha kati ya amri na moto. Kesi inapoendelea, kielelezo kina watu wa kukililia: mwendesha mashtaka anakitaka, wakili anakitaka, hakimu anakitaka. Kesi ikiisha, wote wanakisahau. Anayekikumbuka ni mmoja tu, yule aliyekuwa nacho mwanzo. Siku hizo nilikuwa nalala nikiwa nimeshika funguo za ghala chini ya mto, maana wakati huo nilikuwa nimeshakabidhiwa mimi, na kila gari lililopunguza mwendo mtaani nilidhani linanitafuta mimi.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilikuwa uani namenya ndizi za matooke. Mume wangu alikuwa amefariki. Tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu Nekesa, aliyekuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Alikuwa amekwenda kwa rafiki yake nyumba ya tatu. Akaja mtu, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Kyebando ilikuwa tope tupu kwa sababu bomba lilipasuka barabarani, na viatu vyake havikuwa na tone. Sijui hadi leo alipita wapi.

"Hodi, Mama Nekesa. Habari ya mchana? Samahani kukukatiza shughuli."

"Nzuri. Karibu. Nikusaidie nini?"

"Wala sina shida. Nimeleta hii tu."

Akafungua gazeti alilolishika. Ndani yake ilikuwa sweta ya shule ya Nekesa. Sikuwa nikijua kwamba imepotea. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, ina harufu ya sabuni ambayo sisi hatutumii.

"Mtoto aliisahau," akasema. "Watoto wana usahaulifu. Bahati nzuri umeshona jina lake kwenye ukosi, tena kwa uzi imara."

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nikamuuliza kama ni mwalimu wa shule ile. Akasema siye. Alikuwa akitabasamu kama mgeni wa harusi.

"Alhamisi mtakuwa na kazi kule kwenye tanuri," akaendelea. "Sisi hatukuombi kitu, mama. Hata gramu moja hatutaki utupe. Tunaomba tu usijichoshe. Siku hiyo mvua itanyesha. Ingizeni marobota jinsi yalivyo, sainini, mrudi kwa watoto."

"Na mvua isiponyesha?"

"Itanyesha," akasema kwa upole. Akainama akaokota ganda la tooke lililoanguka mbali, akalirudisha kwenye lundo. "Kwaheri. Usimkemee mtoto kwa ajili ya sweta."

Jirani yangu alimpungia mkono alipokuwa akitoka, kisha akanijia mbio. "Nnyabo, huyu mugeni yako nasalimia vizuri! Ni mukubwa yako ya kazi?" Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda kumchukua Nekesa kwa rafiki yake, nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akalia kwamba namuumiza.

Mtaniuliza kwa nini sikuripoti. Siku ile ilikuwa Jumapili, na mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa tarehe. Niliambiwa Jumanne: "Alhamisi, kwenye tanuri, usimwambie mtu." Aliyeniambia ni mkubwa wangu, mlango umefungwa, kwa kunong'ona. Sasa ningemripotia nani? Yule mgeni alikuwa ameijua siku kabla yangu. Kwa hiyo kati ya watu wachache walioijua, mmoja alikuwa wake, au wote. Hofu ina ubaya huo, kwamba inakunyang'anya wenzako hata kabla adui hajafika. Nilimtazama Odong akinoa panga lake kwenye ngazi ya ghala kama kawaida yake, mtu aliyenifundisha kila kitu, nikamwogopa hata yeye.

Nekesa sikumpeleka shule wiki hiyo. Nilisema anaumwa tumbo. Nilimfungia ndani kwa jirani, na kila saa ya chai nilipiga simu dukani karibu na kwetu niulize kama mtoto yupo.

Alhamisi asubuhi tulipakia marobota kwenye lori, walinzi wakapanda, tukaenda. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakukuwa na wingu, hata lile dogo la kudanganyia.

Hakimu alikuwa ametangulia. Alikuwa mtu wa Masaka, mnene, mwenye ukaguzi wa kuudhi. Kwa kawaida alikagua kila lakiri kwa kioo cha kukuzia, na ndiye hakimu pekee aliyependa kupasua kwetu, kwa kuwa naye alikuwa hamwamini mtu. Siku ile hakutoa kioo. Alisimama kando ya gari lake, mlango uko wazi.

"Nyinyi, mvua nakuja," akasema. "Leo tusifungule. Muingize hivyo hivyo."

Mzee Mutua akatoka nyuma ya tanuri akijifuta jasho. "Mheshimiwa anasema kweli. Mvua ikishika, huu moto utanisumbua. Tufanye chap chap, halafu nyinyi muende, mimi nitamalizia."

Mutua, aliyekuwa akigomba akiona hata kifurushi kimoja kizima. Nami nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeshika panga mkononi, na nikajisikia nikisema, "Ni kweli, inaelekea kunyesha."

Odong akawa anashuka kwenye lori. Akasimama, akatazama juu, upande huu na upande ule, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna ndege.

"Mvua gani?" akauliza.

Walinzi walikuwa mbali getini. Tulikuwa wanne tu, na moto unanguruma. Nikamtazama hakimu, nikaona shavu lake linacheza. Nikamtazama Mutua, akatazama chini. Na hapo nikaelewa kwamba wale si watu wa yule mgeni. Walikuwa kama mimi.

"Mvua niliambiwa na mtu," nikasema. "Aliniletea sweta ya mwanangu."

Mutua akakaa juu ya rundo la matofali. "Mimi aliniletea mbuzi," akasema. "Mbuzi wangu hakuwa amepotea! Nilikuwa nimemfunga mwenyewe. Natoka nje namkuta huyo mtu amemshika kamba, ananiambia, mzee, huyu alitaka kupotea. Akasema nyinyi mkishaenda nizibe tu hewa, moto ulale. Wao watakuja kutoa takataka."

Tukamgeukia hakimu. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, ndani yake mna miwani ya mwanamke mzee, ya fremu nene.

"Ya mama," akasema. "Yeye iko kijijini, Masaka. Haoni bila hii. Mutu alikuja nayo ofisini kwangu. Akasema nisaini mapema, basi."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wamepanga. Mimi nisipasue, hakimu asaini na kuondoka, Mutua azibe hewa. Kila mmoja alipewa kipande kidogo cha uzembe ambacho mtu angeweza kukisamehe. Vikiunganishwa, mioyo ya marobota ingetoka tanurini salama, na karatasi ingesema yameteketea.

"Na wewe, Afande?" nikamuuliza Odong. "Kwako alileta nini?"

"Kwangu hakuna mtu alikuja," akasema.

Sote tulimjua. Mkewe na watoto wake waliisha vitani kule kaskazini, na nyumba ikachomwa. Alikuwa akilala kambini, kitanda na sanduku.

"Kwangu hakuna kitu ya kurudisha," akasema tena, bila uchungu, kama anayetaja namba ya chumba. Kisha akanyoosha mkono, akanichukulia panga. "Nyinyi rudi nyuma. Mimi nakata yote. Wakiuliza, sema ni Odong."

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi sana, nikarudi nyuma haraka. Moyoni nilikuwa nimeshampa mzigo wangu wote, na sikuona haya. Mutua naye alipumua kwa sauti. Odong akapasua robota la kwanza, bangi ikafumuka, akaingiza mkono mpaka begani akatoa paketi, akaichana, unga ukamwagika kwenye beseni la maji.

Alipofika la pili, hakimu akavua koti. Alilitundika kwenye mlango wa gari lake kwa uangalifu, akakunja mikono ya shati, akaenda.

"Ssebo, nipe hiyo kitu."

"Mheshimiwa, wewe hapana."

"Akikata mutu moja, watakumbuka jina moja," hakimu akasema. "Nipe."

Pigo lake la kwanza lilikwenda pembeni likagonga sementi, cheche zikaruka, tukadhani amejikata mguu. La pili liliingia. Akarudia mpaka robota likafunguka. Kisha akampa Mutua panga, na Mutua akakata akilalamika kwa Kikamba, sijui kama alikuwa akiomba au akitukana. Nikafuata mimi. Nililazimika kukata kwa mikono miwili, na kila nilipopiga niliiona ile sweta, na harufu ya ile sabuni ikanijia puani badala ya bangi. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu anayesaini kifo cha mtoto wake. Lakini nilikata.

Tuliingiza motoni kidogo kidogo. Hatukuondoka mpaka majivu yakapondwa na kupoa, na hakimu akayachota kwa mkono wake akayasugua vidoleni kabla ya kusaini. Mvua haikunyesha siku ile wala kesho yake.

Ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao nyinyi mmeukuta, kwamba kila shahidi, awe hakimu au mkemia, akate angalau kifurushi kimoja kwa mkono wake. Wengi wenu mlidhani ni kwa ajili ya wapiga picha. Tulianza kwa sababu tulikuwa tunaogopa, na kila mmoja alitaka ajue kwamba wenzake nao wanayo ya kuogopa.

Mtauliza ilikuwaje baadaye. Hakuna kilichotokea. Yule mgeni hakurudi. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu kitu kisichotokea hakina mwisho. Jioni ile nilichukua wembe nikatoa jina la Nekesa kwenye kila nguo yake, kwenye masweta, kwenye begi, mpaka kwenye taulo. Wiki iliyofuata nikampeleka Tororo kwa dada yangu. Nikamwambia ni kwa muhula mmoja tu. Kila muhula ulipoisha nilitafuta sababu, nikasema shule ya kule ni nzuri, nauli imepanda, nyumba inavuja. Alilia mwanzoni. Kisha akaacha kulia, akaacha kuuliza, akaanza kumwita dada yangu mama. Hakimu alimhamishia mama yake mjini kwake. Mutua alimuuza mbuzi, akasema hawezi kufuga mnyama ambaye kila akimtazama anamkumbuka mtu.

Odong alifariki kwa maradhi, baada ya kustaafu. Tulimzika sisi, wa kazini, na hakimu alikuja akiwa ameshazeeka, akashika jembe mwenyewe. Panga lake likabaki kwangu. Ndilo lile lenye mpini uliofungwa mpira wa tairi, alioununua kwa mafundi wa Kisenyi.

Imebaki siku moja tu ya kusimulia. Ni ile ya mwisho wangu, wiki moja kabla ya kuagwa. Baadhi yenu mlikuwa getini na mliuliza kwa nini tumechelewa.

Inspekta Birungi ndiye aliyekuwa akisimamia, kama mnavyomjua, binti mwenye akili na mdomo. Panga la Odong alikuwa akiliita jumba la makumbusho. Tanuri siku hizi ni la kisasa, la umeme na feni, linakula kitu kizima likakirudisha vumbi, mradi feni izunguke. Kwa hiyo aliposema, "Mama, leo tuache kukata, umeme unaweza kukatika wakati wowote," nilidhani ni utani wake wa kila siku, nikacheka.

Kisha mwendesha tanuri akasema, "Kweli, umeme si wa kuaminika leo." Na hakimu, kijana wa kileo, akatazama saa yake, akasema, "Tufanye haraka, umeme."

Taa zilikuwa zinawaka bila hata kupepesa. Jenereta ilikuwa pale nje, imejaa mafuta. Hofu ileile ikanirudia, kama vile ilikuwa imeketi mahali ikinisubiri.

"Umeme gani?" nikauliza.

Birungi akanitazama. Ile jeuri yake yote ikamtoka usoni, nikamwona alivyo, mama wa mtoto mdogo.

"Kiatu, Afande," akasema. "Walileta kiatu ya mtoto wangu. Moja tu. Imepigwa rangi."

Mwendesha tanuri akafunika uso. Hakimu akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akauingiza tena. Nikangoja. Mmoja baada ya mwingine walisema, kwa sauti ndogo, na kila aliyesema alishangaa kumsikia mwenzake.

Kisha Birungi akaniuliza, "Na wewe, mama? Kwako walileta nini?"

Nikafikiri. Nikaipekua nyumba yangu kichwani, chumba kwa chumba. Nekesa ana watoto wake sasa, huko Tororo. Hunipigia simu Krismasi, na wajukuu hunisalimia kwa adabu kama wanavyomsalimia mwalimu. Wiki nzima hakuna aliyebisha hodi kwangu. Hakuna aliyekuja na gazeti lililofungwa.

"Kwangu hawakuja," nikasema, na nikausikia ule utulivu wa Odong kwenye koo langu mwenyewe. Sasa nilijua ulitoka wapi, nikatamani nisingejua.

Nikalichukua panga, nikawaambia warudi nyuma, nitakata yote mimi. Nilipoinua mkono kwenye kifurushi cha kwanza nikasikia kitambaa kinachakarika nyuma yangu. Birungi alikuwa anavua koti.